Mstari Usiobadilisha Saa

Mwanafunzi mmoja wa shule ya sekondari mjini Garissa alinijia alasiri moja, mkononi ana karatasi aliyoikunja mara nne, akanieleza kwamba mwalimu wao amewapa kazi ya sanaa ya muhula mzima, na mada waliyopewa ni wakati, vipimo na mipaka ya binadamu. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kuianza, alitaka kujua kwangu kama ameianza vyema. Niliikunjua ile karatasi nikaona amechora saa ya ukutani inayoyeyuka na kudondoka mfano wa samli iliyosahauliwa juani, na kando yake mtu asiye na uso amesimama mbele ya ukuta mrefu. Mkono wake ni mwepesi na jicho lake ni zuri, wala sikumficha hayo. Lakini saa ile ninaijua. Aliichora Salvador Dalí wa Hispania mwaka 1931, na tangu siku hiyo imezunguka ulimwengu mpaka ikaingia katika simu za vijana wa mtaa wetu wa Bula Iftin.

“Mwanangu, saa hii umeitoa wapi?” nilimwuliza.

“Kwenye simu, maalim.”

“Na ukuta?”

“Nao pia.”

Sikumkemea, maana alikwenda pale alipozoeshwa kwenda. Ila tangu siku ile nimekuwa nikitafakari jambo ambalo leo nataka kuliweka mbele ya wasomaji, na hasa mbele ya wale wanaosimamia elimu katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera: ya kuwa kama kuna mahali duniani ambapo mwanafunzi akipewa mada hiyo hana haja ya kuazima picha ya mtu, basi mahali penyewe ni hapa, na kama yeye hajui hivyo, taksiri ni yetu sisi watu wazima.

Lugha tunayoisema imekwisha kumtangulia. Tunasema mpaka kwa maana ya alama inayotenga nchi na nchi au shamba na shamba. Kisha neno lilo hilo tunalitumia kwa safari, tukasema tutakwenda mpaka Wajir, na kwa wakati vilevile, tukasema tutangoja mpaka kesho. Na neno hadi, tulilolipata kwa Waarabu, ambao kwao asili yake ni kikomo na kizuio, nalo likafuata njia hiyo hiyo. Msimulizi anapofungua kisa kwa kusema hapo kale, ile hapo ni ya mahali, nayo imekabidhiwa kazi ya kuonyesha zama. Mwaka 1908 mwanahisabati Hermann Minkowski alitangaza kule Ujerumani kwamba mahali na wakati ni kitu kimoja chenye vipimo vinne. Sidai kwamba wahenga wetu walikuwa na hisabati yake. Ninachosema ni kwamba waliposhikwa na haja ya neno, walitwaa moja wakalituma pande zote mbili, na mtoto anayelisema neno hilo kila siku ana haki ya kuonyeshwa hazina iliyomo ndani yake.

Lakini mada hii haikai katika kamusi peke yake. Kwa mkataba uliotiwa saini London tarehe 15 Julai 1924, Uingereza iliahidi kuipa Italia nchi ya Jubaland, na mwaka uliofuata ikaikabidhi. Mpaka uliokuwa mto Juba ukaletwa magharibi, na sehemu yake kubwa, kuanzia pande za El Wak kushuka kusini mpaka kuipita ikweta, haikufuata mto wala kilima wala kisima, bali ilifuata mstari wa longitudo ulio karibu kabisa na nyuzi 41 mashariki ya Greenwich. Na longitudo ni nini? Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani uzi mmoja kwa kila dakika nne. Na mpimaji wa zama zile aliyetaka kujua amefika longitudo gani alikuwa hana budi kulinganisha saa ya mahali aliposimama, aliyoisoma katika jua na nyota, na saa ya Greenwich, aliyoichukua sandukuni au kuipokea kwa simu ya upepo. Zidisha 41 kwa nne, utapata dakika 164. Kwa hiyo mpaka wetu na Somalia, ukiutazama kwa jicho la ilmu ya falaki, umejengwa kwa muda wa saa mbili na dakika 44, ndio tofauti iliyopo baina ya adhuhuri ya nyika yetu na adhuhuri ya kilima kimoja cha Uingereza.

Ajabu ya mstari huo ni kwamba, ijapokuwa umezaliwa na saa, hauibadilishi saa. Kenya na Somalia hufuata saa moja, na Uhabeshi vilevile. Mtu akiondoka Liboi saa tatu asubuhi akavuka kwenda Dhobley, hana haja ya kugusa saa yake. Tena saa hiyo tunayoifuata sote Kenya imepimwa kwa longitudo ya nyuzi 45, na mstari wa nyuzi 45 haupiti katika ardhi ya Kenya hata kidogo. Unapita Somalia, jirani kabisa na Mogadishu. Mtumishi wa Nairobi anapotazama saa yake na kuona ni saa sita kamili ya mchana, jua lililofika katikati ya mbingu wakati huo ni la Mogadishu. La kwake yeye bado linapanda. Nimeliwaza jambo hili mara nyingi nikiwa safarini, nikapata kuona kwamba nchi iliyotumia miaka mingi kuwauliza watu wa kaskazini mashariki kama wao ni Wakenya kweli imefunga mkononi mwake, pasipo kujua, adhuhuri ya upande wa pili wa mpaka.

Kule Mandera, zinapokutana nchi tatu, mambo yana utamu zaidi. Ng'ambo ya mto Daua Wahabeshi huhesabu saa zao kuanzia mapambazuko kama tuhesabuvyo sisi, lakini mwaka wao una miezi 13, nao uko nyuma ya mwaka wa kalenda ya serikali yetu kwa miaka saba au minane kwa kadiri ya mwezi. Na mzee atokaye msikitini ana mwaka wa Hijria kichwani mwake. Mwenye kuuza mbuzi sokoni huibeba miaka hiyo mitatu katika akili moja, wala haimgombanishi na mnunuzi.

Na mahali fulani katika nyika ya kaunti ya Garissa, kusini ya Liboi, mstari wa mpaka unakutana na mstari wa ikweta kwa pembe mraba: mistari miwili isiyoonekana, mmoja umetokana na mzunguko wa dunia tangu kuumbwa kwake, wa pili umetokana na meza ya mawaziri. Wasanii wa nchi nyingine wangelipa nauli ya mbali kuifikia pembe ile; sisi tunayo, na wanafunzi wetu hatujapata kuwaambia kwamba ipo.

Wala kijana asidhani kuwa mistari ni hesabu tu. Wakoloni waliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa nchi iliyofungwa, mtu asiingie wala asitoke pasipo ruhusa. Mwaka 1962 tume ya Uingereza ilizunguka ikawasikiliza wenyeji, ikakuta wengi wao wanataka kuungana na Somalia, na matakwa yao hayakufuatwa. Tarehe 28 Desemba 1963, hata wiki tatu hazijatimia tangu uhuru, ikatangazwa hali ya hatari, vita vya shifta, yaani vya wapiganaji waliotaka muungano huo, vikaendelea mpaka mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, na ile hali ya hatari yenyewe haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Ni karibu miaka 28. Mtoto aliyezaliwa siku ilipotangazwa alikua, akaoa, akapata watoto wake, kabla hajaishi siku moja chini ya sheria walizoishi chini yake watu wa Nyeri na Mombasa. Na ndani ya muda huo ndimo yalimotokea mauaji ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, Februari 1984. Ndiyo maana hata leo utamsikia mzee wa huku akisema anakwenda Kenya, muradi wake Nairobi, wala hasemi kwa ubishi. Anasema kama alivyosikia kwa baba yake. Na mpaka serikali ilipotangaza kuufuta utaratibu wa mahojiano Februari 2025, kijana wa kaunti hizi aliyetimiza miaka 18 alipaswa kusimama mbele ya baraza la wazee na maofisa, athibitishe kwamba yeye ndiye yeye, ndipo apewe kitambulisho ambacho wenzake wa kwingineko Kenya wengi wao walikipata pasipo kuhojiwa hivyo. Kungoja kule ndiko wakati wenyewe, na meza ya baraza lile ndiyo mpaka. Kijana mwenye kaka aliyengoja ana haja gani na saa ya Dalí?

Sasa na atoke nje ya darasa. Makka iko katika longitudo ya nyuzi 39.8, na Garissa iko karibu nyuzi 39.7, tofauti ambayo kwa saa haifiki hata dakika moja. Maana yake ni kwamba jua linapofika katikati ya mbingu ya Garissa ndipo linapofika katikati ya mbingu ya Makka, na kibla cha mji huu ni kaskazini halisi, kwa kadiri ambayo jicho la mtu haliwezi kuona upungufu. Na kwa kuwa mji uko nusu ya uzi tu kusini ya ikweta, kivuli cha adhuhuri huangukia kaskazini takriban nusu ya mwaka, kuanzia mwisho wa Septemba mpaka Machi, yaani kwa miezi yote hiyo kila kijiti, kila nguzo na kila mtoto wa Garissa hulaza kivuli chake kuelekea Makka. Kisha jua hupita utosini, kivuli kikajificha chini ya nyayo kwa siku chache, kikatokea tena upande wa pili. Al-Biruni, yule mwanachuoni wa Khwarezm aliyeishi miaka elfu moja iliyopita, alitunga kitabu kizima juu ya kubainisha vikomo vya mahali ili miji ipate kukijua kibla chake, na katika jina la kitabu hicho alitia neno la mzizi mmoja na lile la Kiarabu ambalo kwetu limekuwa hadi. Yeye alihitaji hisabu nzito kuufikia mwelekeo ambao mtoto wa Garissa anaupata kwa kijiti kimoja, hisani ya mahali alipozaliwa.

Akimaliza kivuli, aende kwa nyanya yake. Aqal, nyumba ya Kisomali ya wahamaji, ni kazi ya wanawake: fito hupindwa zikafanya kuba, mikeka iliyosukwa kwa miezi ikatandazwa juu yake, na asubuhi ya kuhama ile kuba huvunjwa ikawa vitu virefu na bapa, ikapakiwa juu ya ngamia, fito zikainuka mgongoni mwake kama mataruma ya jahazi lisilopigwa mbao, na jioni, mahali pengine, ni nyumba tena yenye giza lake na harufu yake ile ile. Mwalimu anayetaka kueleza vipimo viwili na vitatu ataupata wapi mfano bora kuliko huo? Na wahamaji hao hawahami kwa tarehe, huhama kwa Gu' na Xagaa, Deyr na Jiilaal, ambazo mtu wa pwani atazilinganisha na masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Na miaka yao aghalabu huitwa kwa yaliyotokea, ukame huu au mafuriko yale, hata ukimwuliza bibi alizaliwa lini atakutajia kiu iliyoua ng'ombe, kisha wewe ndiwe utakayetafuta tarakimu yake.

Nimekuja mahali ninapopaswa kwenda polepole. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, watu wenye silaha walisimamisha basi, wakawatenga abiria kwa dini, wakawaua 28 wasiokuwa Waislamu, miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda kwao kwa likizo. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, wengine wakaingia katika chuo kikuu cha Garissa, nako wakauliza dini katika mabweni, na watu 148 wakauawa, walio wengi wanafunzi. Kisha serikali ikaamuru kaunti za upande huu watu wasitoke nje kuanzia saa kumi na mbili na nusu ya jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, na hivyo usiku wote wa ikweta, nusu kamili ya siku, ukawekewa mpaka. Na tarehe 21 Desemba mwaka huo huo, si mbali na El Wak, basi jingine la kwenda Mandera likasimamishwa, abiria wakaamriwa watengane, Waislamu upande huu na Wakristo upande ule. Safari hii Waislamu walikataa. Walikuwa wamekwisha kuwapa wenzao hijabu za kujifunikia, wakawaambia wenye bunduki ama wawaue wote ama wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika ukataaji huo, na Januari 2016 akafariki kwa majeraha yake. Katika nchi ambayo mawaziri walipiga mstari na hakuna aliyeulizwa, yeye aliulizwa, kwa mara moja, ndani ya dakika chache, mstari upitie wapi; naye akajibu kwamba haupiti hapa.

Kisa hicho kilifanywa filamu, na filamu hiyo ilikuwa kazi ya wanafunzi. Jina lake ni Kiswahili, Watu Wote. Ina dakika 22. Iliongozwa na Katja Benrath na kutengenezwa na yeye na wenzake kuwa kazi yao ya kuhitimu katika shule ya filamu ya Hamburg, Ujerumani, wakishirikiana na waigizaji na mafundi wa Kenya. Mwaka 2017 ikapata tuzo ya wanafunzi ya taasisi ile ya Marekani itoayo Oscar, na mwaka 2018 ikateuliwa kushindania Oscar yenyewe. Mhusika wake mkuu ni mwanamke Mkristo aitwaye Jua, aliyefiwa na watu wake kwa mashambulizi, anayepanda basi na moyo umefunga dhidi ya abiria wote wanaomzunguka. Safari ambayo kwa basi la kweli hula zaidi ya siku nzima imekunjwa mithili ya aqal, ikaingia katika dakika 22, na ndani yake tunaona mpaka ukitembea: kwanza uko baina ya kiti chake na kiti cha jirani, kisha unatolewa nje na kupigwa mchangani kwa ncha ya bunduki, kisha watu wanaufuta kwa kusimama. Sina la kuwalaumu wale wanafunzi wa Hamburg. Walikuja kwa adabu, wakasikiliza, wakatoa kazi njema, na jina la Salah Farah likafika mahali ambapo sisi tusingeweza kulifikisha. Lakini kila nilipoiona nimeondoka na uchungu mmoja, nao ni huu: kazi ya shule iliyoueleza ulimwengu mpaka wa kaskazini mashariki ilitoka katika shule iliyo mbali na El Wak kwa maelfu ya kilomita, ilhali katika shule za Garissa, Wajir na Mandera somo la sanaa aghalabu ndilo la kwanza kuondolewa mwalimu anapokosekana, na walimu wamekosekana sana tangu mashambulizi yale, wengi wakiomba uhamisho au kuhamishwa. Katika shule moja niliyopata kufundisha huku, chumba kilichojengwa kwa ajili ya sanaa kiliwekwa magunia ya maharage, na hapana aliyeona kuwa kuna kilichopotea.

Mtaala mpya umefungua mlango. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilipangiwa Januari 2026, na mikondo ni mitatu, mmoja wao ukiwa wa sanaa na michezo. Lakini si kila shule itakayofundisha mikondo yote, na hofu yangu ni kwamba kaunti hizi zitahesabiwa tangu mwanzo kuwa hazina haja nao, kwa hoja ya kuwa ni maskini na kwamba dini yao haipendi picha. Hoja zote mbili ni dhaifu. Mwaka 1967, mwaka wa mapatano ya Arusha, Richard Long, kijana aliyekuwa bado anasoma sanaa London, aliingia katika uwanja wa majani, akatembea akienda na kurudi juu ya nyayo zake mpaka majani yakalala yakafanya mstari, akaupiga picha, akaenda zake. Hakutumia rangi wala kitambaa, na kazi hiyo ingali ikifundishwa. Njia za ngamia ziendazo visimani zimepigwa kwa ufundi huo huo na kwa zamani nyingi zaidi. Na kuhusu dini, mwanachuoni mwenye kuchukia sura za viumbe hana ugomvi na kijiti, kivuli, mkeka wala khati. Sanaa ninayoiomba hapa imo ndani ya adabu ya mji wenyewe.

Ombi langu kwa idara za elimu ni dogo: walau shule moja katika kila kaunti ya hizi tatu ipewe mkondo wa sanaa uliokamilika, mwenye kuufundisha awe ameajiriwa kwa kazi hiyo, na kazi za wanafunzi ziwekwe mahali watu wa mji watakapoziona, kabla hazijapelekwa Nairobi kutahiniwa.

Yule kijana wangu hakuchana picha yake, wala sikumwambia aichane. Amepata ufito wa mita moja kwa nyanya yake, uliokuwa ubavu wa aqal kuukuu, naye anangoja tarehe 28 Mei. Siku hiyo, saa sita na dakika 18 za mchana, jua husimama wima juu ya Al-Kaaba. Na katika uwanja wa shule yake, mchangani, ufito ule utalaza kivuli cha sentimita 40 kuelekea kusini. Amesema atawaita wazee, na mlinzi wa lango anayetoka Kitui, na wanafunzi wenzake wa kila dini, asimame kila mmoja kwa zamu yake penye ncha ya kivuli, kisha atazame.